Kikohozi cha Baba Mkwe

Kikohozi kilianzia Kyimo, kwenye njia ya migombani, mchana kweupe. Esnath akaruka pembeni na kugeuza uso, kama mkamwana yeyote wa Kinyakyusa aliyefunzwa kwao anavyompisha baba mkwe. Ndipo akakumbuka kwamba mzee wamekwisha kumzika. Nyonga, iliyokuwa ikimuuma tangu msibani, ikamkwama papo hapo.

Kosa alikuwa nalo. Maisha yote ya ndoa hakumtazama mzee yule usoni, na mzee naye alikohoa kila alipokaribia ili apishwe. Siku ya kuaga, watu walipopita mbele ya jeneza, Esnath akachungulia. Udadisi hauna dawa.

"Ni jini tu, limeazima kikohozi cha baba," mumewe, Ambwene, alinong'ona. "Twende hospitali."

Daktari wa Mbeya alisema mfupa wa paja unasagana na kikombe cha nyonga. Bila picha za MRI hapasui, na bila kupasuliwa Esnath asingeinama tena shambani.

Allen, mpiga picha, alimlaza, akambana kiuno kwa mikanda na kumpa kipira cha kubonyeza akizidiwa. "Usitikisike, mama. Ukitikisika, picha zinaharibika."

Kitanda kikamwingiza kwenye bomba, kichwa kwanza, na mashine ikaanza kugonga. Halafu ikaja harufu ya tumbaku na udongo mbichi. Mtu akakohoa, humo humo ndani, nyuma ya utosi wake.

Esnath alitaka kupisha, lakini hapakuwa na pembeni. Aliogopa, aliogopa mpaka machozi yakamwingia masikioni, naye asithubutu kuyafuta, maana akitikisika mguu ndio basi, na asipotikisika atakuwa amelala chali mbele ya mkwe wake kama mwanamke asiye na kwao, na pumzi ile ya baridi ilikuwa ikishuka kwenye paji la uso, kwenye nyusi, kwenye kope alizozifumba kwa nguvu zote.

"Mkamwana," sauti ikasema taratibu, "leo hunipishi?"

Akajaribu kubonyeza kipira. Vidole vya mtu vilikuwa vimekwisha kukizunguka.

Mashine ikanyamaza. "Picha zimetoka safi," Allen alisema. "Nakutoa sasa."

Kitanda kilisogea kidogo, kikagoma. Allen akaja kukivuta kwa mikono, akihema, kisha akaacha. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama, mbona huku naona miguu minne?"