Ufunguo wa Ndege ya Mwandu

Apa kwanza hutamwambia mtu, maana na mimi nilimwapia shoga yangu Nyanzala. Haya, sikia. Mchana alimpelekea mwanawe Mwandu, rubani, chakula uwanja wa ndege Mpanda. Wingu jeusi limefunika upande wote wa Magamba.

"Mwanangu, subiri lipite!"

"Mama, kandege haka kana mbio kuliko mvua."

Kuambiwa hasikii! Mara ufunguo hauonekani. Mwandu akafoka, abiria wakainama kutafuta chini ya viti vya kusubiria, mpaka ukadondoka kutoka kwenye kitenge cha Nyanzala, mbele ya watu wote.

"Mama! Kumbe wewe?"

Kandege kamesimama mbele yao, kimya, lakini wote waliusikia mlio wa kandege hako hako juu, ndani ya wingu, ukikohoa, kisha ukakatika.