Mlango wa Sentimita Themanini

Mtaani wananiita Mama Futi. Futi yangu ya kupimia nguo haitoki shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Niliwahi kwenda nayo msibani bila kujua, watu wakanitazama mpaka nikashtuka. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Upande wa pili wa meza hukaa mume wangu, anapiga pasi kola na kushona vifungo. Kola zake zinasimama kuliko zangu, nakiri.

Yeye wanamwita Kenchi, kama zile mbao za kushikilia paa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba. Miaka mitatu iliyopita aliteleza kwenye paa, akaanguka na kuumia uti wa mgongo. Miguu haikufanya kazi tena. Sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mikono yake ina nguvu kama zamani, na ulimi ndio usiseme.

Kabla ya ajali tulikuwa tunakwenda baharini kila mwaka. Kenchi alikuwa akiingia majini, hatoki mpaka aitwe kama mtoto. Basi mwaka jana niliamua kwamba tutakwenda tena. Nasema niliamua mimi, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilipiga simu nyumba moja ya wageni, nikauliza kama wanampokea mtu mwenye kiti cha magurudumu. Wakasema bila shaka, karibuni sana. Nikakata simu nimefurahi. Mimi huyu, nisiyeweza kukata hata leso bila kupima, sikupima kitu. Kinyozi hajinyoi.

Shemeji yangu, mdogo wake Kenchi, alitupeleka kwa gari lake. Tulipofika, mlangoni kulikuwa na ngazi nne. Shemeji akasema hilo dogo. Yeye na mlinzi wakambeba Kenchi juujuu kama gunia, mbele ya wageni waliokuwa wanakula. Kiti kilipita mlango wa chumba kwa kukwaruza. Mlango wa bafu hakikupita kabisa. Kwa siku mbili Kenchi alioga kwenye beseni na kujisaidia kwenye ndoo. Bahari ilikuwa pale chini, lakini magurudumu yalizama mchangani kabla hata hatujafika nusu ya njia. Siku ya tatu asubuhi alisema turudi.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Msinipeleke popote tena. Nendeni ninyi, mimi nitalinda nyumba."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini aliacha kwenda zahanati kufanya mazoezi. Akaacha kwenda kwa kinyozi. Miezi mitano hakuvuka kizingiti cha mlango wetu. Wateja wangu walimsalimia, yeye akaitikia bila kuinua macho. Niliogopa. Niliona nampoteza mume wangu akiwa hai, ameketi mbele yangu.

Nikaenda kumweleza mtaalamu wa mazoezi wa zahanati. Ni mama mmoja mrefu, anaongea polepole, lakini akishika jambo haliachi. Alhamisi alikuja nyumbani. Nilimsimulia safari yote, sikuficha kitu. Alipokwisha kusikia akaniuliza, "Ulimuuliza mwenyewe alitaka kwenda kufanya nini huko?"

Nilikuwa nimeuliza nyumba ya wageni. Nilikuwa nimemuuliza shemeji. Kenchi, ambaye hukaa hatua moja kutoka kwangu, sikumuuliza.

Yule mama akamgeukia. Kenchi alipiga pasi kola moja mpaka mwisho, kisha akajibu. "Nilitaka kuingia majini. Bahari ya kutazama ipo hapo kwenye kalenda."

Mtaalamu akavuta kiti. Alisema kosa letu halikuwa kwenda. Kosa lilikuwa swali. Mwenye nyumba ya wageni anataka wageni. Ukimuuliza kama pake panafaa, atasema panafaa, na hata hadanganyi, maana hajui. "Usimuulize kama panafaa," aliniambia. "Muulize sentimita."

Akanivua futi shingoni, akanirudishia mkononi, tukapima kiti cha Kenchi. Upana wake sentimita sitini na sita. Kwa hiyo, alisema, tutafute mlango wa sentimita themanini, ili na mikono inayosukuma magurudumu ipite bila kuchubuka. Bafuni iwepo nafasi ya mita moja na nusu kiti kiweze kugeuka. Kitanda kilingane na kimo cha kiti, ili ahame mwenyewe. Tuulize ngazi ni ngapi. Kama kuna njia ya mteremko, tuulize urefu wake: kwa kila sentimita moja ya kupanda, ziwe sentimita kumi na mbili za kwenda. Na watume picha, futi ionekane kwenye picha.

Mchanga nao una dawa yake. Kuna fukwe zenye mikeka migumu ya plastiki iliyotandikwa mpaka karibu na maji, na kwingine wana viti vyenye matairi manene. Halafu akatukumbusha mwili. Miguu ya Kenchi haina hisia, hivyo mchanga wa moto unaweza kumuunguza na gamba la chaza likamkata asijue. Avae viatu hata majini, na jioni tumkague ngozi. Garini ajiinue kwa mikono kila baada ya muda mfupi, asije akapata vidonda vya kukaa. Na kabla ya yote, daktari amwone.

Kenchi akasema tunajisumbua bure, yeye haendi. Mtaalamu akamjibu kwamba hajamwomba aende. Alitaka tu kujua nani atakagua picha za miteremko, maana yeye mambo hayo hayajui. Mjanja yule mama.

Kesho yake nilianza kupiga simu, daftari mkononi. Wa kwanza alisema bila shaka, karibuni. Nikamuuliza mlango ni sentimita ngapi. Alikata simu. Wa pili alipima, akapata sitini. Wa tatu alituma picha ya mteremko wake. Kwangu ulionekana mzuri tu. Nikampa Kenchi simu, nikajifanya natafuta uzi.

Aliitazama picha, akaisogeza karibu.

"Hii si njia, ni paa," alisema. "Anayepanda hapa afungwe kamba."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka, kidogo. Kisha akampigia yule mtu mwenyewe, akamfundisha namna ya kupima mteremko. Tangu siku ile simu yangu sikuiona tena. Wateja walinipigia, wakapokelewa na fundi wa kuezeka.

Tulikataliwa, tukadanganywa, tukasubirishwa. Mahali pa sita walisema watu wa hali yake wangefurahi zaidi wakipumzika nyumbani. Nilidhani hapo Kenchi atarudi kwenye ukimya wake. Akapiga namba iliyofuata.

Ilipokelewa na meneja mmoja mwanamke. Alikwenda kupima, akarudi na majibu. Mlango wa chumba, themanini. Mlango wa bafu, sabini na nne, ila ndani kuna nafasi ya kutosha. Mbele kuna ngazi moja, mteremko hakuna. Mikeka ya mchangani ipo, na maji yakijaa hufika karibu nayo.

"Huyu nampenda," Kenchi alisema. "Anajua kusema hakuna."

Alimchorea marekebisho kwenye karatasi, nikaipiga picha tukamtumia. Ngazi ya sentimita kumi na tano, basi mteremko wa mita moja na sentimita themanini. Mlango wa bafu ung'olewe, liwekwe pazia, sentimita mbili tatu zipatikane. Pembeni ya choo kiwekwe chuma cha kushikilia. Fundi wao alifanya, wakatuma picha. Kenchi akaukataa ule mteremko, akasema mbao zile zikilowa zitateleza, waweke vipande vya mpira. Wakaweka.

Alirudi zahanati pia. Daktari alimpima akamruhusu. Wiki sita alifanya mazoezi kwenye bwawa la kuogelea pamoja na mtaalamu, akijifunza kuelea na kujigeuza. Kinyozi alipomwona alimuuliza alikuwa nchi gani.

Tulisafiri mchana mmoja, tukisimama njiani ajinyooshe. Tulipofika, shemeji alikimbia kusukuma kiti kwa mazoea. Kenchi akamwomba abebe mabegi. Akashika magurudumu, akapanda ule mteremko taratibu, akaingia ndani. Wageni waliokuwa wanakula waliendelea kula.

Siku ya pili maji yalijaa saa nne asubuhi. Kiti kilifika mwisho wa mikeka, hatua mbili kutoka kwenye maji. Kenchi alivaa jaketi la kuelea na viatu. Alishuka kwenye mkeka, akajiburuta kinyumenyume kwa mikono, shemeji nyuma yake, mimi pembeni nimelishika jaketi. Wimbi dogo likaja. Maji yakamwinua.

"Niachie," alisema.

Sikumwachia. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemshika mtu huyu kitandani, bafuni, garini. Mikono yangu haikujua kazi nyingine.

"Mke wangu," alisema, bila hasira. "Nimefanya mazoezi. Niachie."

Nilimtazama shemeji. Maji yalikuwa kifuani kwake, naye akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari. Nikamwachia. Kenchi alilala chali, akapiga maji kwa mikono, akaenda. Alikwenda umbali wa sebule yetu, akageuka, akarudi, akaenda tena. Nililia, wala sikujificha.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta kitanda kitupu na kiti hakipo. Nilitazama bafuni, hayupo. Nikatoka mbio, kanga moja, nikiita. Shemeji alikuwa bado anakoroma chumba cha jirani.

Nilimkuta Kenchi mapokezini, kikombe cha chai mkononi, anamweleza meneja kwamba kile chuma cha chooni kimeanza kulegea, fundi atafute skrubu ndefu zaidi. Meneja alikuwa anaandika. Kenchi alikuwa amehama kitandani mwenyewe, ameoga, amevaa, amefungua mlango na kupita. Hakuniita.

Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na furaha, sikujua nianze na ipi. Nikaanza na hasira. Nilimwambia mtu na akili zake huaga.

"Naaga nikisafiri," alisema Kenchi. "Nikienda kunywa chai siagi."

Meneja akanisogezea kiti. Nikakaa, nikaomba na mimi chai.