Kiti cha Mwenye Gari

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiti tu. Fundi aliikubali mchana, na jua lilipoanza kuzama alikuwa ameshapakia ndoo, mfuko mkubwa wa nailoni na madumu mawili ya dawa kwenye pikapu lake kuukuu. Pembeni alikaa mdogo wake wa kiume, yule wanayemwita Springi kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kutulia. Hata sasa vidole vyake vilikuwa vinagonga dashibodi, taka-taka-tak.

"Hebu tulia, utanitia wazimu," Fundi alisema, akimdunga kidole ubavuni.

"Polepole, dada. Mimi si godoro!"

Ndiyo kauli yake ya siku zote. Kila kiti kinachotengenezwa karakana kwao, anayekijaribu ni yeye, na kila akidungwa na kubonyezwa hulalamika hivyohivyo. Fundi alicheka. Mama yao alipofariki alimwachia huyu mtoto akiwa bado anakojoa kitandani. Akamlea, akamfundisha kazi. Leo ni baba zima lenye mabega mapana, na harusi yake imekaribia. Fundi hakujaliwa mtoto mwingine. Alikuwa na huyo tu.

Aliyewaita ni mjane wa tajiri mmoja mkusanyaji wa magari. Gari alilolipenda kuliko yote lilitengenezwa kwa ufundi wa magari ya mbio, na ya aina yake ni machache tu duniani: bodi ya nyuzi za kaboni, usukani unaochomoka, kiti kisichosogea mbele wala nyuma. Kiti cha namna hiyo hufinyangwa kwa mwili wa mwenyewe. Dawa mbili zinachanganywa, zinamiminwa kwenye mfuko, mtu anaukalia, dawa inaumuka na kuwa povu, kisha povu linakauka likiwa limeshika kila mfupa wake. Sasa mume amekufa, mnunuzi amepatikana, na mnunuzi anataka kiti cha mwili wake.

"Njoo na mtu mwenye nguvu," mjane alikuwa amesema kwenye simu.

Mlinzi aliwafungulia geti bila salamu. Mjane alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, mwembamba, nguo nyeusi tupu. Mjane hakumtazama Fundi kabisa. Macho yake yote yalikuwa kwa Springi.

"Ana afya huyu?"

"Mzima, kama unavyomwona, mama."

"Moyo? Kifua? Hakohoi?"

"Mimi, mama?" Springi alidakia. "Labda njaa tu."

Mjane hakucheka. "Povu la zamani msilitupe," alisema kwa sauti ya chini. "Liwekeni palepale, karibu na gari. Mnunuzi atawapigia akifika." Kisha akaingia zake nyumba kubwa.

Gari lilikuwa limelala chini kabisa, la kijivu, milango imeinuliwa juu. Lilikuwa linatoa mlio.

Tik... tik... tik...

Kila fundi anaujua mlio huo. Ni injini iliyotoka kuzimwa, inapoa. Lakini betri ilikuwa juu ya rafu, vumbi tele, waya zimening'inia.

Springi aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akauondoa mkono haraka. "Dada... la moto."

"Ni jua la mchana," Fundi alisema, ingawa gereji haikuwa na hata dirisha moja.

Na ile harufu! Marashi mazito ya kiume, na chini yake dawa za hospitali. Ilizidi walipoanza kung'oa povu la zamani. Mgongo wa marehemu ulikuwa umechorwa humo wote, bega la kushoto limeshuka sana. Povu la kiti mtu hulibeba kwa mkono mmoja. Hili lilibebwa na watu wawili wakihema, na lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Wakaliegemeza ukutani. Springi hakufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililomtia Fundi wasiwasi.

Simu ikaita.

"Fundi?" Sauti nzito, ya taratibu, ya mtu anayetafuta pumzi. "Nipo getini. Changanya dawa."

"Karibu, bwana, tunakusubiri."

Akachanganya. Wateja wa aina hii hawapendi kusubiri, na Fundi alikuwa na mazoea ya kumimina dawa mteja akiwa bado anavuka uwanja. Dawa ikaingia mfukoni. Ikaanza kutoa mvuke, ikifukuta kwa sauti ndogo... shhhh...

Hakuingia mtu.

"Mlinzi!" Fundi aliita. "Mlete mgeni!"

"Mgeni gani?" mlinzi alijibu kutoka mbali. "Hapa hakuna mtu!"

Dawa ikishachanganywa haina subira. Ikiumuka bila mtu juu yake itafurika, itagandamana na kiti, na kiti hicho hakina mwenzake wa kubadilishia. Springi alikuwa ameshavua viatu.

"Nakaa mimi. Akija tutachonga anapozidi."

Walishafanya hivyo mara nyingi, sana tu. Fundi akamfunga mikanda, yote ikakutana kitovuni, akamsukuma mbavu ili azame vizuri. Alisubiri kusikia ile kauli yake.

Hakuisikia.

Povu lilipanda. Vidole vya Springi viligonga paja, taka-taka-tak. Kisha vikapunguza. Kisha vikatulia.

Springi... alitulia.

"Dada," alinong'ona. "Kuna mtu nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna povu tu, mdogo wangu."

"Ananisukuma... Dada, ananisukuma ndani..."

Fundi aliirukia ile mikanda. Kifungo hakikubonyea. Akakivuta kwa mikono yote miwili, akakipiga kwa nyundo, akalia kwa sauti, "Mwachie! Mwachie mdogo wangu!" Joto la povu lilimchoma vidole. Na ule mlio wa injini ukakoma.

Kimya.

Mkono wa Springi ukainuka taratibu, ukafungua kifungo kwa kidole kimoja. Akatoka garini kwa hatua moja laini bila kugonga kichwa, kama mtu aliyezoea kutoka humo maisha yake yote. Akajinyoosha. Bega lake la kushoto likashuka.

Marashi yakajaa gereji nzima. Ukutani, lile povu la zamani likaporomoka lenyewe, likawa unga.

Simu ikaita tena. "Fundi, samahani sana," alisema mtu mwingine kabisa, mchangamfu. "Mimi ndiye mnunuzi. Nimekwama njiani, nadhani tufanye kesho. Hujachanganya dawa, natumaini?"

Fundi aliiacha simu idondoke. Springi alikuwa ameshampita, peku, amelipita pikapu, anaelekea nyumba kubwa. Mjane alikuwa mlangoni analia na kucheka kwa pamoja. Nyuma yake meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili.

"Mdogo wangu! Springi! Ni mimi!"

Akageuka. Akamtazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama kibarua aliyemaliza kazi.

"Asante, fundi. Kazi nzuri. Gari haliuzwi tena."

Mlango ukafungwa.

Mlinzi ndiye aliyemsaidia kupakia lile povu jipya, maana Fundi alikataa kuliacha. Lilikuwa zito. "Madaktari walimwambia bosi moyo umekwisha," alinong'ona. "Akawa anashinda kwenye hilo gari, halafu anatwambia, mimi siendi popote, nitahama tu. Tulidhani ni homa inasema." Alfajiri mlinzi mwenyewe aliacha kazi.

Polisi walienda. Wakakuta mtu mzima, mwenye akili zake, anayesema anaishi hapo kwa hiari yake. Mchumba wa Springi alienda, akapiga magoti, akaulizwa, "Samahani, tunafahamiana?"

Viatu vya Springi viko karakana, chini ya meza. Juu ya meza kuna lile povu. Siku moja Fundi alichukua kisu akafikiri, kama amefungiwa humo, nikipasua atatoka. Akaweka ncha pale penye ubavu, akabonyeza kidogo.

"Polepole, dada," povu likanong'ona. "Mimi si godoro."

Kisu kikamtoka. Alilikumbatia povu akalia mpaka akaishiwa machozi.

Lakini povu halidumu, hilo Fundi analijua kuliko mtu yeyote. Kingo zimeshaanza kumomonyoka. Kila asubuhi anakuta unga mezani, anaukusanya kwa viganja, na sauti inazidi kuwa ndogo.

Jana jioni aliingia mteja, kijana mpole, mabega mapana, anataka kiti cha gari lake kifanyiwe kazi. Nyuma ya pazia, vidole vilianza kugonga... taka-taka-tak.

Fundi alifunga mlango. Akamtazama yule kijana juu mpaka chini, kisha akajisikia akiuliza, kwa sauti ya chini:

"Una afya nzuri, mwanangu? Moyo? Kifua? Hukohoi?"