Msemo Ambao Skipio Hakuusema

Kila alasiri Wamaitha alishuka kwenye basi la shule mjini Gaithersburg, Marekani, akafungua nyumba, akateleka wali, kisha akaketi mezani na madaftari yake. Lakini Alhamisi moja ya Novemba 1998 wali uliungua, naye hakusikia hata harufu.

Mwalimu Akilah, aliyewafundisha historia, alikuwa amempa kila mwanafunzi kiongozi mmoja wa kale. Wamaitha alipata Skipio, jemadari wa Roma. Aliandika vizuri jinsi jemadari huyo alivyomshinda adui yake Hanibali huko Afrika Kaskazini. Misemo mitatu ya jemadari ilitakiwa, naye alipata miwili tu. Kwa uvivu wa kurudi maktaba, akatunga wa tatu: "Anayeogopa mto hafiki ng'ambo." Nani angejua?

Kumbe Mwalimu aliupenda kuliko yote! Sasa ulikuwa umebandikwa kwa herufi kubwa juu ya jukwaa la ukumbi wa shule, na kesho yake wazazi wangekuja kumsikia akiueleza.

Mama yake, Nyaguthii, muuguzi msaidizi, alirudi kutoka kazini akamkuta amejikunyata.

"Tumbo linaniuma, Mama."

Mama akamgusa paji la uso. "Homa huna. Unaogopa nini?"

Wamaitha akaangua kilio, akasema yote. "Mpigie Mwalimu simu, umwambie ninaumwa."

"Niongeze uongo juu ya uongo? Sithubutu. Kesho nitakupeleka mapema, lakini kusema utasema mwenyewe."

Kesho yake walifika ukumbini kabla ya wageni. Mwalimu Akilah, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, alikuwa akipanga viti.

"Hujambo, Wamaitha! Mbona mapema hivi?"

Wamaitha akanyoosha kidole jukwaani. "Ule msemo... Skipio hakuusema. Niliutunga mimi."

Mwalimu akageuka kuzitazama zile herufi. Ryan, aliyesoma darasa moja na Wamaitha na ndiye aliyezikata kwa siku mbili nzima, akatupa mkasi mezani.

"Lete ngazi," Mwalimu akasema. "Uzibandue mwenyewe."

Wamaitha alikuwa hajabandua hata nusu wazazi walipoanza kuingia, macho yote juu yake. Akamaliza, akashuka, akasimama mbele yao.

"Msemo uliokuwa hapa juu nilimsingizia Skipio. Naomba radhi, hasa kwako Ryan. Lakini inasimuliwa kwamba akiwa kijana alimwokoa baba yake vitani, wengine wakisitasita. Hilo nililisoma." Akaendelea hadi mwisho wa maelezo yake.

Watu walipotawanyika, Ryan alimsaidia kukusanya herufi. Mwalimu akamwita kando, mama yake akisikiliza.

"Alama zako nitazipunguza. Ungeandika jina lako chini ya msemo ule, ningekusifu, maana ni mzuri. Lakini marehemu hana kinywa cha kukanusha. Ukimtaja, sema alilosema. Usilolijua, sema hulijui. Hakuna aliyekufa kwa kusema hajui."