Tuta la Bilinganya Lililosazwa

Mchicha uling'olewa na mizizi yake. Bamia hakuna, nyanya hakuna. Bustani ya shule ya bweni ya Fukayosi ilikuwa udongo mtupu, na wanafunzi mchana ule wangekula ugali mkavu. Tuta moja tu la bilinganya lilisazwa.

"Mwizi ninaye," alisema Mwalimu Mkuu Sadallah, tai shingoni na jua lote lile. "Mlinzi huyu. Mpeleke jela, Inspekta, tumalize."

Mzee Mwishehe alikuwa kafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko. Inspekta Mwinyijuma alimtazama mwalimu toka kiatu hadi kofia. Debe tupu, alijisemea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikifungwa mimi, mke wangu kipofu atamtegemea nani?"

"Kile kifuu chenye kitambaa chekundu, katikati ya bilinganya, nani kakiweka?"

"Mimi. Kago hilo. Mwizi akisogea, tumbo humvimba."

"Ushenzi!" Mwalimu alicheka kwa dharau. "Kila siku nawafundisha watoto kwamba huo ni upuuzi wa washamba."

Ohoo! Inspekta akamfungua mzee kamba, wakaenda wote kwenye tuta.

"Hebu ling'oe, mzee."

Mzee akalichomoa, akalikung'uta mchanga. "Nimeliweka mwenyewe, litanidhuru nini?" Akalirudisha.

"Umeona, Mwalimu? Mzee huyu angeiba, asingesaza tuta hili. Mwizi ni mtu anayeogopa kago. Sasa ling'oe wewe, msomi."

"Mimi? Sina... sina haja ya kuchafua mikono."

"Upuuzi wa washamba, si umesema? Ling'oe!"

Mwalimu alinyoosha mkono. Kabla haujakifikia kifuu, akaurudisha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai.

"Siwezi! Nisitiri, afande!"

"Mboga ziko wapi?"

"Nimempelekea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Nimemwambia ni za shamba langu. Nafasi ya mkaguzi wa shule iko wazi, nilitaka anipendekeze."

"Umewanyang'anya watoto kitoweo, ukamtia mzee wa watu kamba, ili uitwe mkaguzi?"

"Ndiyo."

Inspekta alitema mate. Alishawahi kuwafunga wezi wa mbuzi, wezi wa nguo, hata muuaji mmoja. Hakuna aliyemtia kinyaa namna hii.

"Mtie pingu," alimwamuru askari aliyefuatana naye.

Mwalimu alipopitishwa mbele ya mzee, alimng'ang'ania kanzu. "Mzee Mwishehe, lile tuta sikuligusa, wallahi. Tumbo langu litapona?"

Mzee alijinasua taratibu.

"Waulize wanafunzi wako," alisema. "Si umewafundisha wewe?"