Msaidizi: Hakuna

— "Msaidizi: hakuna," Lorna alisoma kwa sauti, kisha akairudia silabi moja moja. — Ha-ku-na. Gavin! Hebu njoo hapa.

Gavin Tranter alikuwa jikoni anakaanga bekoni, aproni shingoni, mluzi mdomoni. Akatokea mlangoni na uma mkononi.

— Nini tena, mpenzi?

— Hii fomu ya ukaguzi wa gari kesho. Mjenzi wa gari: Gavin Tranter. Msaidizi: hakuna. Mimi ni nani humu ndani? Paka?

Gavin akacheka kile kicheko chake cha kuuzia mazulia, maana ndiyo kazi yake, na mji mzima wa Nuneaton hakuna mtu aliyeingia dukani kwake akatoka mikono mitupu.

— Lorna bwana! Karatasi tu hiyo. Serikali inataka jina moja, nimeweka moja.

— Serikali imeacha mistari mitatu ya majina. Nimeihesabu.

Nje, mbele ya nyumba, gari lenyewe lilikuwa tayari juu ya trela, limefungwa mikanda, jekundu, dogo, la chini. Lilikuja vipande vipande, kwenye maboksi kumi na saba. Miaka mitatu limeundwa kwenye gereji ya pembeni ya nyumba, nyembamba kiasi kwamba kupita kati ya gari na mashine ya kufulia ilibidi uvute tumbo. Fremu aliichomelea Lorna, ambaye kazini huchomelea mageti ya shule. Injini aliishusha Lorna. Nyaya, breki, mabomba, Lorna. Gavin kazi yake ilikuwa kupika chai, kupitisha spana, na kusema.

Na kusema alijua! Majirani wakichungulia, Gavin ndiye aliyeeleza. Kwenye klabu ya waunda magari, Gavin ndiye aliyesimama mbele. Mwaka wa kwanza Lorna alikuwa akisikia yote hayo akiwa chini ya gari, anacheka peke yake, anaona mwanamume wake anafurahi, basi na afurahi. Yeye hapendi maneno. Ila uongo ukiuachia kiti, kesho unadai kitanda.

— Gavin, hapa chini umesaini kwamba umelijenga kwa mikono yako. Umeapa.

— Sasa ningeandikaje? Kesho kutwa klabu nzima inanisubiri. Mzee Reg kachapisha bango! Soma mwenyewe.

Akampa simu. Ujumbe wa Mzee Reg, mwenyekiti wa klabu, ulisema: "Jumamosi saa nne, usichelewe. Bango liko tayari: GAVIN TRANTER, MJENZI. Kifungua kinywa kwa gharama ya klabu."

Lorna akausoma, akamrudishia simu yake. Halafu akavua pete ya uchumba, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli.

— Lorna, unafanya nini?

— Kesho kwa mkaguzi nenda mwenyewe. Si umelijenga peke yako? Na bekoni inaungua.

*

Ijumaa saa tano, Lorna akiwa karakanani na geti la watu juu ya meza, simu ikaita.

— Lorna, usikate! Usukani haurudi.

— Haurudi vipi? Jumatano nilikata kona, nikauachia, ukarudi wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi lake.

— Leo haurudi. Mkaguzi anakata kona, anauachia, umebaki pale pale. Na pua ya gari imeinuka.

— Imeinuka?

— Imeinuka, Lorna. Kama inanusa kitu.

Lorna akaweka chini kofia ya kuchomelea.

— Umegusa nini?

— Kugusa vipi?

— Gavin. Umegusa nini?

— Kidogo tu. Jana, ulipokuwa kazini. Si wanataka picha za mjenzi akiwa kazini? Nikapandisha jeki, nikalegeza zile bolti za mbele, nikazikaza tena, ionekane nakaza kweli. Halafu nikalishusha nikalifunga kwenye trela. Nilizikaza vizuri, wallahi!

— Nitumie hiyo picha.

Ikaingia. Gavin kapiga goti, kavaa ovaroli mpya yenye mistari ya pasi, meno yote nje, spana imeshikwa kama kipaza sauti. Na nyuma yake magurudumu ya mbele yananing'inia hewani.

Lorna alicheka mpaka msimamizi akageuka. Mtu yeyote aliyewahi kuunda gari nyumbani anajua: bolti zile zinazobana mipira kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unajisokota ndani, unanuna, na gari linakataa kukaa. Ni kosa la wiki ya kwanza.

— Njoo, mpenzi, nakuomba. Mkaguzi amenipa mpaka saa nane.

— Nakuja. Lakini sikufuati wewe. Nalifuata gari.

Njiani, ndani ya kigari cha kazi, kicheko kilikatika. Aligusa pete mfukoni, akajua anachokwenda kukitafuta. Mpira uliosokotwa unatengenezeka kwa nusu saa. Ila Gavin akiulizwa mbele yake nani kalijenga, na akajibu tena "mimi", pete ataiweka juu ya boneti na kuondoka, na moyo utauma mpaka uchoke. Maana alikuwa anampenda, yule domokaya!

*

Bwana Ollerton, mkaguzi wa serikali, alikuwa mrefu na mpole wa kutisha. Mkononi alikuwa na kampira, mpira mdogo wa kupimia, ambao huusogeza kwenye kila kona ya gari kutafuta penye ncha kali.

— Na wewe ni nani, mama?

Gavin akawahi:

— Huyu ni mchumba wangu.

Lorna aliinama, akachungulia gurudumu la mbele, akainuka, mikono mifukoni. Bwana Ollerton alimwona alipochungulia. Akafungua faili, akatoa ile picha ya meno.

— Bwana Tranter, miaka ishirini na miwili nakagua magari ya nyumbani. Gari lako nimelipitishia kampira lote, sijapata ncha hata moja. Fremu imechomelewa vizuri kuliko za viwandani. Lakini huyu wa kwenye picha anakaza bolti za mipira magurudumu yakiwa hewani. Aliyechomelea fremu hawezi kufanya hivi hata akiwa usingizini. Kwa hiyo hawa ni watu wawili.

— Aa... siku ile nilikuwa na haraka kidogo...

— Sijamaliza. Ukiniambia ni wewe, sahihi yako iko hapa, rekebisha, tunaendelea. Ukiniambia ni mwingine, hili tamko ni la uongo. Silipokei, na ukaguzi unaishia hapa. Gari linarudi nyumbani bila namba. Nani kalijenga?

Mvua nyepesi ilianza. Gavin akalitazama gari, akamtazama Lorna. Akaona kidole kitupu. Bila shaka na lile bango alikuwa analiona.

— Ni yeye, alisema chinichini.

— Sijasikia.

— Ni yeye! Lorna Fairclough! Kuanzia bolti ya kwanza. Mimi nilipika chai na kupiga domo. Bolti pekee nilizokaza maishani mwangu ni hizo, na ndizo zimetuleta hapa.

Bwana Ollerton akamrudishia fomu.

— Ahsante. Mmefeli.

Moyo wa Lorna uliruka. Hasira haikuondoka, na mapenzi nayo yalikuwa pale pale. Vyote viwili vikakaa kifuani, vikabanana. Akaenda kwenye kigari, akarudi na spana mbili. Moja akamkabidhi Gavin.

— Vua koti.

— Mimi?

— Ulikaza wewe, utalegeza wewe. Siwezi kulirudisha nyumbani likiwa limenuna. Lala chini.

— Lorna, chini kumelowa.

— Mimi nimelala chini miaka mitatu.

Akalala. Suruali ya kuuzia mazulia ikanywa maji.

— Legeza zote nane. Usitoe, legeza tu. Hiyo siyo. Hiyo ni breki, utatuua!

— Hii?

— Hiyo. Upande wa pili, baba! Unakaza tena!

Bwana Ollerton alikuwa ametoka na sandwichi yake ya mchana, akasimama chini ya paa anatazama. Bolti zilipolegea, Lorna akakaa juu ya pua ya gari, akaruka ruka mara tatu. Gari likaguna, likashuka, likatulia.

— Umeona limekaa?

— Nimeona, alisema Gavin kutoka chini. Sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli. — Lorna, hivi ndivyo ulivyokuwa ukifanya siku zote? Mimi nilidhani unakaza tu.

— Sasa kaza. Polepole. Ukisikia spana imelia "tk", acha.

Ilichukua saa nzima, kazi ya nusu saa. Alipotoka uso mweusi, vidole viwili vimechubuka, akachukua simu kabla ya kunawa. Akaandika, akamwonyesha Lorna kabla ya kutuma:

"Mzee Reg, toeni bango. Gari ni kazi ya Lorna kuanzia bolti ya kwanza. Nimewadanganya miaka mitatu. Nisameheni. Gavin."

— Tuma, alisema Lorna.

Jibu lilikuja kabla hawajafunga mikanda ya trela:

"Tulikuwa tunajua, kijana. Tangu siku uliposema fremu uliichomelea kwa moto wa wastani. Bango tutaligeuza, tuandike upande wa pili. Mwambie Lorna kifungua kinywa kiko pale pale."

Lorna alijikunja kwa kicheko mpaka akashika trela. Gavin naye akacheka, kicheko kingine, si kile cha dukani.

— Walijua! Miaka mitatu wananitazama tu!

— Mimi je? Mimi nilikunyamazia. Na hilo ni kosa langu. Siku nyingine ukianza, nitatoka chini ya gari.

— Pete iko wapi?

— Mfukoni.

— Itarudi kidoleni?

— Gari likipata namba, niulize.

*

Wiki tano baadaye, tamko jipya likiwa na jina la Lorna na picha za Lorna, usukani ulirudi wenyewe mikononi mwa Bwana Ollerton. Gari likapata namba. Gavin aliuliza palepale kwenye maegesho, kwa maneno manne tu, na kwa Gavin hayo ni machache.

Juni wakaenda kuandikisha ndoa, wao wawili kwenye gari jekundu lisilo na paa. Lorna kwenye usukani, gauni jeupe limekunjwa mapajani lisiguse gia. Gavin pembeni, suti ya kijivu, ua kifuani, mikono juu ya magoti. Kwenye taa nyekundu, gari kubwa la mizigo likasimama ubavuni. Dereva akashusha kioo, akachungulia, macho yakamtoka. Akampita Lorna kwa macho kama hamwoni, akamwita Gavin:

— Kaka! Kitu kikali hicho! Umelijenga mwenyewe?

Lorna aliitazama taa, kidole kinagonga usukani. Hakugeuka.

— Hapana, kaka, alisema Gavin, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. — Amelijenga huyu dereva. Mimi nimeolewa tu.