Kisima Kilichochimbwa Mara ya Pili

Mume wangu anafua nguo za watu. Mtaa mzima unamwita Dobi, na hata mama yake mzazi siku nyingine anajisahau na kumwita hivyo. Kila asubuhi uani kwetu ni mabeseni, sabuni, buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na kamba za nguo. Ukipita bila kuinama, shati la mtu linakupiga usoni.

Mimi napiga pasi. Binti yetu akitoka shule anakunja na kupanga. Mama mkwe anakaa kwenye kigoda chake karibu na kisima, anatusimamia sote.

"Kola hiyo haijatakata," anasema.

Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Lakini kola chafu! Hiyo anaiona hata ikiwa kwenye kamba ya mwisho.

Kisima hicho alikichimba baba mkwe, Mungu amrehemu. Alikichimba kwa sururu na koleo kabla mume wangu hajazaliwa. Maji yake yalikuwa matamu. Sijisifu. Watu walitoka mtaa wa pili na ndoo zao, wakapita visima vingine njiani, wakaja kwetu. Mama mkwe hakunywa maji mengine. Ukimletea ya bomba, anaisukuma gilasi pembeni. "Haya yana ladha ya chuma," anasema.

Nasema yalikuwa matamu, na inaniuma kusema hivyo.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kwanza sabuni ilikataa kutoa povu. Mume wangu akamlaumu mwenye duka. "Sabuni za siku hizi ni unga mtupu," alinung'unika. Akabadili sabuni, hali ikawa ileile. Kisha nguo nyeusi zikaanza kukauka na michirizi myeupe. Mteja mmoja, mhudumu wa hoteli, alirudi na suruali yake mkononi.

"Dobi, hii nini? Bosi ananiuliza kama nimelala kwenye gunia la unga!"

Mume wangu aliomba radhi, akaifua upya. Ikakauka vilevile.

Siku moja nilionja chai yangu nikaitema.

"Mama, hivi hii chai haina chumvi?"

"Chai iwe na chumvi vipi? Umeshika mkebe wa chumvi."

"Mkebe ni wa sukari, Mama."

"Basi ulimi wako una homa."

Akanywa kikombe chake chote, taratibu, huku ananitazama. Nitabishana na mama mkwe mimi?

Maji nayo yalipungua. Mvua ilikuwa haieleweki tena. Ilichelewa mpaka tukaisahau. Halafu ikamwagika yote kwa mara moja, ikabeba takataka za barabarani na kukimbilia baharini. Bahari haiko mbali na kwetu. Ukipanda juu ya paa, unaiona. Baada ya mvua kama hiyo ungetegemea kisima kijae. Wapi! Kamba ya ndoo ilizidi kuwa fupi, tukaiunga.

Ndipo mume wangu akapata wazo lake.

"Maji ya juu yamechoka," alisema. "Matamu yako chini. Tuchimbe."

"Una uhakika?" nilimuuliza.

"Baba alichimba akapata. Nikichimba zaidi, nitapata zaidi."

Tusidanganyane, lilionekana neno la akili. Mama mkwe alifurahi mpaka machozi yakamtoka. "Chimba, mwanangu. Usikiache kisima cha baba yako kife."

Mchimbaji alikuja, akashuka na kamba, akachimba. Maji yakaja kwa wingi. Mume wangu akanunua pampu ya umeme. Ukibonyeza swichi, pipa linajaa kabla hujamaliza kuloweka shuka moja. Kwa majuma machache tulikuwa watu wa raha. Dobi alipokea nguo nyingi zaidi, akawa anapiga mluzi asubuhi.

Raha yenyewe haikudumu. Michirizi ilirudi kwenye nguo, tena kwa kishindo, na sisi wengine tukahamia maji ya bomba kwa kunywa na kupika. Mpapai uliokuwa kando ya kisima ulikauka ncha za majani, kisha ukafa umesimama. Vyura waliokuwa wanatupigia kelele penye unyevu wa kisima sikuwasikia tena. Pampu ikaota kutu. Watu wa ndoo wakaacha kuja, mmoja mmoja, kimyakimya. Hakuna aliyetuambia kitu. Walikuwa wanatuonea haya.

Mama mkwe akaanza kulalamika kichwa. Asubuhi moja aliinuka kwenye kigoda, akayumba, akaanguka juu ya beseni la nguo. Tulimbeba mpaka zahanati.

Muuguzi alimfunga kipimo mkononi, akatazama, akapima tena.

"Presha iko juu sana," alisema. "Akiendelea hivi anaweza kupooza. Atameza dawa hizi kila siku, asiruke hata siku moja. Na chumvi ipungue."

Nilirudi nyumbani nikapika bila chumvi kabisa. Mume wangu alikula kama mtu anayeadhibiwa. Binti yetu alisema mboga ina ladha ya mvuke. Mama mkwe alimeza dawa zake mbele yangu kila siku. Tuliporudi zahanati, presha ilikuwa palepale.

"Chumvi anaila wapi?" muuguzi aliniuliza.

"Haili! Mimi ndiye mpishi!"

Alinitazama kwa jicho la kutoniamini. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira.

Jioni hiyo alikuja jirani yetu kuchukua nguo zake. Anafanya kazi idara ya maji, anapima maji ya visima na mabomba, kwa hiyo mtaani tunamwita Mama Vipimo. Alimwamkia mama mkwe, akaniona nimenuna.

"Shoga, kulikoni?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akatazama mpapai uliokufa, kisha akatazama gilasi ya mama mkwe.

"Anakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Unamjua Mama."

Alichovya kidole ndani ya ndoo, akalamba, akakunja uso. Kisha akamwita mume wangu.

"Shemeji, ulichimba zaidi?"

"Nilichimba, na pampu nikaweka."

"Niletee gilasi, chumvi, buluu yako kidogo, na maji ya bomba."

Tulimzunguka wote. Alitia maji nusu gilasi, akakoroga chumvi nyingi na buluu. Maji yakawa ya buluu. "Haya ni ya bahari," alisema. "Yako chini ya nyumba zetu, yamepenya kwenye mchanga." Akashika kijiko juu yake, akamimina maji ya bomba juu ya kijiko, polepole sana. Maji meupe yakatulia juu, ya buluu yakabaki chini.

"Hayachanganyiki!" binti yetu alisema.

"Yatachanganyika tukiyavuruga. Maji matamu ni mepesi, yanakaa juu. Hayo ni mvua iliyozama ardhini taratibu. Ya chumvi ni mazito, yanakaa chini. Sasa tazameni."

Alichukua mrija, akauchovya juujuu, akaziba tundu kwa kidole, akauinua. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe. "Hiki ni kisima cha marehemu baba yenu. Aliishia kwenye utamu." Akausukuma mrija mpaka chini, akauziba, akauinua tena. Tone la buluu likadondokea kwenye shati jeupe la mteja. Hakuna aliyelijali lile shati.

"Na hiki ndicho cha sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Pampu nayo inavuta kwa nguvu, chumvi inapanda juu kuifuata."

Mume wangu alishika kichwa.

"Lakini sabuni ilikataa povu kabla sijachimba," alisema.

"Ni kweli. Chumvi ilianza kwa sababu nyingine. Dunia imepata joto, shemeji. Moshi wa viwanda, wa magari, wa mitambo ya umeme, wa misitu inayochomwa, umeifunika dunia kama blanketi. Bahari ikipata joto inatanuka. Barafu ya nchi za baridi inayeyuka, maji yake yanaishia baharini. Basi bahari inapanda, inaisukuma chumvi huku kwetu ardhini. Mvua nayo imepoteza mpango. Ikija inakimbia, haizami. Kwa hiyo tabaka tamu linakuwa jembamba. Lilihitaji kuchotwa kwa adabu, kwa ndoo."

"Sisi hatuna hata pikipiki!" nilifoka. "Huo moshi wetu uko wapi?"

"Haupo, shoga. Wenye moshi mwingi wako mbali, na chumvi imetufikia sisi. Siwezi kukwambia kuwa ni haki."

Mume wangu hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Kwa hiyo Mama anakunywa chumvi," alisema. "Mimi ndiye ninayemchotea."

"Chumvi nyingi kwenye maji inapandisha presha kama ya kwenye chakula," Mama Vipimo alisema. "Ayaache leo hii."

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Nilijua yana chumvi."

Tulimgeukia.

"Tangu lini, Mama?" mume wangu aliuliza.

"Kabla hujachimba. Tangu mkeo alipoitema chai."

"Sasa mbona hukusema? Ningemwita mtu wa kupima! Nisingechimba!"

"Ningesemaje? Kila mtu alikuwa anakisifu kisima cha baba yako. Mimi ndiye niwe wa kwanza kukitukana?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa. Nikauondoa mkono wake juu ya gilasi, nikaushika.

"Kitarudi?" mume wangu aliuliza. "Nikikifukia pale nilipozidisha?"

"Kifukie chini kwa udongo wa mfinyanzi, mpaka pale alipoishia mzee. Pampu iondoe. Halafu mvua ikipe muda. Itachukua miaka. Na pengine kisirudi, shemeji. Bora nikwambie kweli."

Mume wangu alijikaza kisabuni mpaka mgeni alipoondoka. Kisha aliingia ndani, na mimi nilimwacha alie peke yake.

Kesho yake aliiuza pampu. Kwa pesa hiyo na akiba yetu tulinunua tangi na gata za bati za kukingia maji ya paa. Mama Vipimo alikuja kutuonyesha kazi. Gata zizunguke paa zikiinamia upande wa tangi. Mvua ya kwanza ya msimu tusiikinge, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, imwagike kwanza. Mdomo wa tangi uwe na wavu na mfuniko, mbu wasizalie humo. Maji ya kunywa tuyachemshe. Yanayofurika yaingie kwenye shimo la kokoto tulilochimba mbali na choo, yazame ardhini badala ya kukimbilia barabarani.

"Kila paa la mtaa huu lingefanya hivi," alisema, "ardhi ingepata cha kusukumia chumvi. Paa moja ni mwanzo tu."

Mvua ilipokuja, tangi lilijaa. Sabuni ikatoa povu, mpaka binti yetu akajipaka mashavuni. Mhudumu wa hoteli alirudi na suruali zake. Kiangazi tunanunua maji ya bomba na kusuuza kwa kipimo. Nguo tunazopokea ni chache kuliko zamani. Mama mkwe anameza dawa, anakunywa maji ya tangi bila kusema kitu. Presha imeshuka. Muuguzi aliniomba radhi, nikajifanya nimesahau.

Kisima tulikifukia mpaka pale alipoishia mzee. Kila baada ya mvua mume wangu anashusha ndoo, anaonja, anamwaga. Simuulizi.

Juzi alimwona mchimbaji yuleyule anaingia kwa seremala, nyumba ya juu kabisa ya mtaa, mbali zaidi na bahari. Kisima cha seremala kilikuwa kimepungua maji. Mume wangu alitupa nguo, akakimbia na mikono yake ya povu.

"Usichimbe!" alimwambia seremala. "Nakusihi, ndugu yangu. Maji yana chumvi?"

"Hayana. Ni machache tu."

"Basi chota machache. Mimi nilitaka mengi."

Akaomba gilasi, akaomba chumvi, akatoa buluu mfukoni. Akamwonyesha mpaka mwisho. Mchimbaji mwenyewe alikuna kichwa, akakunja kamba yake. Sasa seremala anachota kwa ndoo, na wiki hii anafunga gata.

Jana alimtuma mkewe atuletee jagi la maji ya kisima chake, kushukuru. Nilimmiminia mama mkwe gilasi moja. Alionja, akafumba macho. Alikunywa nusu, akaishia hapo.

"Hivi ndivyo yalivyokuwa ya kwetu," alisema.

Mume wangu aliacha shati kwenye beseni. Alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Nisamehe, Mama."

Mama mkwe alimpa ile gilasi iliyobaki nusu.

"Kunywa," alimwambia. "Usije ukaisahau ladha yake."